Kipande Kilichozaliwa Kiooni

Mtu yeyote aliyepata kuagiza geti la chuma kwa fundi wa kuchomelea anajua ya kuwa pande mbili za geti hazifanani kwa ukamilifu, ijapokuwa mpita njia huziona kama pacha. Kila upande una fremu yake ya bomba la mraba, bawaba zake tatu, nondo zake zilizosimama kwa masafa sawa, na bamba lake la chini la kuzuia macho ya watu na mbwa wa mtaani. Lakini upande mmoja, aghalabu ule ulio karibu na kibanda cha mlinzi, umetobolewa mlango mdogo wa kupitia watu, ili geti zima lisifunguliwe kila mgeni abishapo hodi, na upande wa pili hauna mlango huo. Tofauti hiyo moja, ndogo kama ilivyo, ndiyo iliyonifundisha karibu yote ninayokusudia kuyaeleza katika sura hii.

Nilikuwa nachora geti la namna hiyo kwa kompyuta, kwa ajili ya karakana moja iliyokuwa ikinipa kazi za uchoraji. Nafasi baina ya nguzo ilikuwa mita 3.6, nikaacha milimita 15 kwa kila nguzo, na milimita 10 katikati ili pande zikutane zisigusane, basi kila upande ukawa na upana wa milimita 1,780. Nikauchora upande wa kulia kwa uangalifu, nondo kwa nondo, kisha nikaweka bapa la kioo katikati ya nafasi na kuiamuru programu iuakisi. Kufumba na kufumbua, upande wa kushoto ukatokea katika faili lake wenyewe, umetimia, bawaba zake zikielekea nguzo ya pili kama inavyopasa, nami nikashukuru kwa kuokoa kazi ya nusu siku. Kisha nikarudi kwenye upande wa kulia, nikakata nondo zilizokuwa njiani, nikatia fremu ya mlango mdogo yenye upana wa milimita 800, na nilipolitazama geti zima nikaona milango midogo miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, ikitazamana.

Programu haikukosea. Ilitenda nililoiamuru, nami ndiye niliyekuwa sijafahamu maana ya amri yangu. Nilidhani nimeomba nakala, ilhali nilikuwa nimeomba taswira, na baina ya mambo hayo mawili pana tofauti kubwa. Nakala ni kama barua iliyoandikwa upya kwa mkono wa pili: ukiichana ya kwanza, ya pili haina habari. Taswira ni kama uso katika kioo: mwanamke akijitia wanja, uso ulio kiooni nao umetiwa wanja, wala hakuna namna ya kuupamba huu na kuuacha ule. Kipande kilichoakisiwa katika programu nyingi za kisasa za uchoraji wa kihandisi hakina umbo lake chenyewe. Kina kumbukumbu ya faili la asili, bapa la kioo, na agizo la kuhesabu umbo upya kila asili inapobadilika.

Zamani, michoro ilipokuwa bado inachorwa kwa kalamu juu ya karatasi, mashaka haya hayakuwapo, kwa kuwa mchoraji hakuwa akichora kipande cha pili kabisa. Alichora cha mkono mmoja, kisha pembeni akaandika kwamba cha mkono wa pili ni kinyume cha hiki, na fundi akamaliza kazi kwa akili yake. Maneno hayo machache yalibeba dhamana kubwa: yaliahidi kwamba vipande viwili havina tofauti ghairi ya mkono, na ahadi hiyo ilipovunjika, mchoraji alilazimika kutwaa karatasi nyingine.

Kompyuta ikaja na fikra mpya. Mwaka 1963 kijana wa Kimarekani, Ivan Sutherland, alitoa tasnifu yake katika chuo cha MIT juu ya programu aliyoiita Sketchpad, iliyoendeshwa na kompyuta ya TX-2 ya Lincoln Laboratory, ambayo mchoraji alisema nayo kwa kalamu ya nuru juu ya uso wa kioo. Ndani yake mlikuwamo mchoro wa asili, na mchoro huo uliweza kutokea mara nyingi mahali pengi, umekuzwa, umepunguzwa au umezungushwa, na mchoraji aliporekebisha asili, matokeo yake yote yakajirekebisha. Fikra hiyo, kwa kadiri ya ujuzi wangu, ni miongoni mwa fikra bora zilizopata kuingia katika kazi ya uchoraji, na ndiyo pia chanzo cha milango yangu miwili. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na tabia ya karatasi: ukiakisi mistari, hupata mistari mingine isiyojuana na ya kwanza, na programu hukuuliza tu kama ungependa ile ya asili ifutwe. Lakini Pro/ENGINEER, iliyotolewa mwaka 1988 na kampuni aliyoiasisi Samuel Geisberg, ilikieleza kipande kama mfuatano wa hatua zenye vipimo, kila hatua ikisimama juu ya ile iliyotangulia, na SolidWorks ilipotokea mwaka 1995 ikaiingiza desturi hiyo katika kompyuta za kawaida za Windows. Tangu hapo kuakisi kipande kukawa ni kufunga ndoa, na mchoraji asiyelijua hilo huoa bila kukusudia.

Nilipoiona ile milango miwili, nilitenda kama atendavyo karibu kila mtu mwenye haraka: nilikata kiungo. Kwa kuwa jambo lenyewe lina utaratibu wake, na kwa kuwa wengi hulikosea hapa, naomba nilieleze pole pole.

Kiungo kikikatwa, kipande cha kiooni hubaki katika hali ile ile kilichokuwa nayo wakati wa kukatwa. Kwa hiyo haifai kukata kwanza na kusafisha baadaye. Mimi nilirudi katika asili, nikausitisha mlango mdogo kwa muda, nikaiamuru programu ijenge upya mafaili yote mawili, nikahakiki kwa macho kwamba upande wa kushoto umerudishiwa nondo zake zote, kisha ndipo nikakata, na baada ya kukata nikaurudisha mlango mdogo upande wa kulia. Ikakaa kama nilivyotaka.

Mahali pa kukatia hutofautiana. Katika SolidWorks unaweza kuamua mapema, wakati ule ule wa kuakisi, kwa kutia alama katika kisanduku cha kukata kiungo na asili. Au unaweza kungoja, ukafungua orodha ya vitu vya nje ambavyo kipande kinavitegemea, na humo ukakuta njia mbili ambazo mtu asizichanganye hata siku moja. Ya kwanza ni kufunga: kipande huacha kufuata mabadiliko, lakini kamba bado ipo, nawe waweza kuifungulia utakapo. Ya pili ni kukata, nayo haina marejeo. Alama zenyewe huonekana katika orodha ya hatua kando ya mchoro: kipande kinachotegemea kingine hufuatwa na mshale mdogo, kikifungwa, kinyota huongezwa, kikikatwa, huandikwa x mahali pa kinyota, na kamba hiyo haifungiki tena. Inventor nayo ina tofauti hiyo hiyo kwa maneno mengine, maana hukuruhusu ama kuusitisha uhusiano na kipande cha asili, ama kuuvunja moja kwa moja. Wachoraji wa majengo watumiao SketchUp wamepewa njia nyepesi zaidi: kitu kilichofanywa kijenzi (component), kikinakiliwa na kugeuzwa, hubaki kimoja na wenzake, ukikigusa kimoja umevigusa vyote, mpaka ubonyeze kitufe cha kulia cha kipanya na kukifanya kiwe cha pekee, na kuanzia hapo kina maisha yake.

Nashauri kwa moyo wote kwamba anayetaka kukata aanze kwa kufunga, akae na kufuli hilo kwa muda wa kazi nzima, na aamue juu ya kukata siku ya mwisho, wakati haja imekwisha kujibainisha. Sababu yake ni hii. Kukata hakukupi daima kile unachokitamani. Katika njia nyingine, hatua na michoro ya asili huhamishiwa katika faili jipya, ukaweza kuingia ndani na kubadili kipimo chochote. Katika njia nyingine hupewa mwili mkavu, umbo lisilo na historia, ambalo unaweza kulitoboa na kuliongeza nyama, lakini huwezi kuliuliza upana wake ulitoka wapi wala kumwambia nondo asogee milimita 5. Kipande cha namna hiyo kiko huru kama mtoto aliyetoka kwao bila kuambiwa jina la babu yake. Mchoraji atakayekifungua baada ya miaka miwili atakuta chuma, asikute kusudi.

Nami upande wangu wa kushoto ulikuwa mwili mkavu. Wiki tatu baadaye mwenye nyumba alikumbuka malori ya mchanga na saruji yatakayoingia siku atakapojenga nyuma, akaomba nafasi ipanuliwe kuwa mita 4. Nguzo zilikuwa hazijajengwa, hivyo ombi lilikuwa jepesi. Nilifungua upande wa kulia, nikaandika 1,980 mahali pa 1,780, nondo zikajigawa upya, nikachapisha michoro na kuipeleka karakanani. Upande wa kushoto haukusikia kitu. Karatasi yake ilitoka na 1,780 ile ile, na fundi, ambaye hana wajibu wa kushuku karatasi iliyopigwa muhuri, alikata na kuchomelea kama alivyoandikiwa. Siku ya kulisimamisha geti, pande zote mbili zilipofungwa, pengo la katikati halikuwa milimita 10 bali milimita 210. Nakumbuka fundi aliingiza mkono wake katika pengo hilo mpaka begani, akautoa, asiseme neno, akaenda kutafuta kivuli. Gharama ya bomba na ya siku mbili za kazi nililipa mimi, na nilistahili kulipa.

Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi, na naona kosa langu halikuwa kukata, bali kukata kamba mbili kwa kisu kimoja. Baina ya pande zile palikuwa na kamba ya umbo, iliyosema kwamba chochote kilichomo kulia kiwemo na kushoto. Kamba hiyo ilikuwa imekuwa ya uongo tangu mlango mdogo ulipotiwa, na ilipasa kukatwa. Lakini palikuwa pia na kamba ya kipimo, iliyosema kwamba pande mbili zinagawana nafasi moja baina ya nguzo mbili. Kamba hii ilikuwa ya kweli, na itakuwa ya kweli maadamu geti ni geti. Mabaharia wetu hawakukata foromali kwa kuwa tanga limechanika.

Zipo hata hivyo hali ambazo kukata kabisa ndiyo haki. Avukaye daraja la Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda huhama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi mbili hizo yana usukani upande tofauti. Mtu angeweza kudhani kwamba gari la usukani wa kushoto ni la usukani wa kulia lililotazamwa kiooni. Sivyo. Mguu wa kulia ndio ukanyagao mafuta katika magari yote mawili, na klachi, penye gari lenye klachi, iko mguu wa kushoto kote kote. Basi mchoraji wa sehemu ya mbele ya gari akiakisi kila kitu, atapata gari linalokanyagwa mafuta kwa mguu wa kushoto, na dereva wake ataua mtu kabla ya jioni. Ubao wa mbele waweza kuanza maisha yake kama taswira, kwa kuokoa kazi. Lakini pedali, mirija na nyaya zina sababu zao wenyewe, na kadiri kazi iendeleavyo sababu hizo huzidi kutengana, mpaka kiungo kinakuwa si msaada bali kizuizi. Hapo kikatwe, kipande kipewe namba yake na jina lake, na mchoraji wake awe huru kutomwomba ruhusa mwenzake wa upande wa pili.

Na viko vitu ambavyo havikupasa kuakisiwa tangu mwanzo. Immanuel Kant, katika makala yake ya mwaka 1768, alionyesha kwamba mkono wa kulia na wa kushoto waweza kulingana katika kila kipimo cha vidole na viganja, na bado uso unaoufunika mmoja usiweze kuufunika mwingine. Hesi ya bolti ni mkono wa namna hiyo. Bolti ya kawaida hukaza ikizungushwa kulia. Iakisi, nawe umechora bolti ikazayo kushoto, ambayo dukani huipati, na ukiipata haiingii katika nati uliyonayo. Mafundi wa gesi wanaijua hesi ya kushoto, kwa sababu mtungi wa asetilini umepewa hiyo makusudi, ili mpira wake usifungwe kwa makosa kwenye mtungi wa oksijeni. Na fundi baiskeli anaijua vile vile, kwa kuwa pedali ya kushoto ina hesi ya kushoto ili isijifungue kwa kuendeshwa. Pedali hiyo ni taswira ya kweli. Lakini bolti nane zilizoshika bawaba za geti langu hazikuwa na haja ya kioo. Zilihitaji kuhamishwa tu kama zilivyo. Programu nzuri, unapoakisi mkusanyiko wa vipande vingi, hukuuliza juu ya kila kimoja: huyu nimgeuze mkono, au nimpeleke alivyo? Swali hilo hujibiwa kwa kuharakisha, nami nawasihi vijana wangu walijibu kipande kwa kipande.

Maandishi ni hivyo hivyo. Jina la mwenye nyumba lililokatwa katika bamba la kulia litatoka kinyume kushoto, likasomeka kwa aliye ndani ya ua. AutoCAD imeweka kipimo kiitwacho MIRRTEXT kwa ajili hii hasa: kikiwa 0, maneno hubaki yakisomeka baada ya kuakisiwa, kikiwa 1, hugeuka pamoja na mistari.

Niliporudi Lamu baada ya mambo haya, niliitazama milango ya nakshi kwa jicho jingine. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili, nazo zimetoka mkono mmoja, kimo kimoja, upana mmoja. Lakini katikati umesimama mfaa, ule mti ulionakishiwa unaoficha mahali mbao zinapokutana, nao umepigiliwa ubao mmoja tu. Kwa sababu ya mfaa, ubao mmoja hauwezi kufunguka kabla ya mwenzake. Seremala hakuuchonga kila ubao kana kwamba mwenzake hayupo, wala hakupachika mfaa mbao zote mbili. Alitwaa vipimo vya fremu moja, akazitoa mbao mbili katika vipimo hivyo, kisha akauongezea mmoja kile ambacho mwingine hakukihitaji.

Mimi nami sasa nachora hivyo. Nafungua faili la kwanza ambalo halitachapishwa wala kutengenezwa, nalo ni mama: ndani yake mna nafasi baina ya nguzo, milimita za kupumulia, kimo, na upande mmoja mtupu wenye fremu, bawaba na nondo, usio na mlango mdogo, wala jina, wala kitasa. Kutokana na mama natoa mafaili mawili, la kulia likiwa kama yeye, na la kushoto likiwa limeakisiwa, na kila moja lina kiungo na mama, wala halina kiungo na mwenzake. Mlango mdogo nautia katika faili la kulia peke yake: nakata nondo zinazouzuia, nachomelea fremu ya milimita 800, natoboa mahali pa komeo. Katika faili la kushoto natia bomba la kushikia pini ya chini, ambalo upande wa kulia hauna kazi nalo. Hakuna amwonaye mwenzake. Lakini mwenye nyumba akipiga simu jioni kusema kwamba amebadili nia na anataka mita 4.2, naandika tarakimu moja kwa mama, na pande zote mbili zinaamka na milimita 2,080 kila mmoja, huyu na mlango wake, yule na pini yake.

Geti la mwisho nililolichora kwa njia hiyo lilisimamishwa asubuhi moja ya kaskazi. Fundi alifunga pande zote mbili, akatwaa kipande cha flatibaa cha milimita 10 alichokuwa nacho mfukoni, akakipitisha katika pengo la katikati kuanzia juu hadi chini, polepole, pasipo kukwama mahali popote, kisha akaufungua mlango mdogo akatoka nje kuliangalia kwa mbali.